Picha gani kwa ukuta wa chumba cha kuungama: Weyden, Caravaggio au Rembrandt?

Mchoraji tuliyempata anahesabu nyuso. Yuko Mji wa Kale, Mombasa, kazi yake ya kila siku ni majahazi na milango ya nakshi anayowauzia watalii wanaotoka Fort Jesus, na tulipomwambia twataka picha ya dini, ya rangi ya mafuta, kwa kanvasi, mita moja na nusu hivi kwenda juu, hakuuliza Yesu gani wala Maria gani, aliuliza "watu wangapi?" Uso wa kawaida elfu nne. Uso unaolia elfu nane. Nikamuuliza mbona mara mbili, akasema uso unaolia ukiukosea kidogo tu pale pembeni ya mdomo mtu anaonekana anacheka, na hapo hakuna kurekebisha, wafuta uso mzima waanza upya. Kanvasi na fremu mbali.

Walahi hiyo bei ndo ilotufanya tuziangalie hizi picha vizuri, manake mwanzo tulikuwa twasema tu "tafuteni picha nzuri ya Yesu" kama mtu anayenunua pazia.

Kanisa letu liko huku Mikindani, si kubwa, na pembeni ya sakristia, pale padre anapovalia, kuna kachumba ambako padre huungamisha Jumamosi jioni, na siku ya mazishi wafiwa hukalishwa humohumo kabla ya misa. Ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka juzi na alama ya mraba ya picha ya zamani iloliwa na koga. Kamati ni watu watatu: mimi, mzee katekista, na mama mweka hazina wa jumuiya ambaye shilingi haimtoki bila risiti. Nikaprinti picha kadhaa kwa karatasi za A3, nikawa nabandika moja baada ya nyingine na selotepu, kila moja wiki mbili, halafu nakaa kwa benchi la nje naona watu wanatoka na sura gani (si kusikiliza maungamo jamani, mlango hufungwa).

Kwanza kuhusu rangi ya mafuta yenyewe, manake mama mweka hazina aliuliza kwani tusiprinti tu kwa turubai kama mabango ya kampeni tumalize. Ukienda duka la rangi ukasema wataka rangi ya mafuta utapewa kopo la kupaka geti, hii nyingine ni rangi ilosagwa na mafuta, kwa kawaida ya mbegu za kitani, inakauka polepole sana. Zamani Ulaya walikuwa wakichanganya rangi na kiini cha yai, inakauka ukiwa bado washika brashi, sasa shavu ambalo limeanza kuwa jekundu kwa kulia huwezi kulififisha taratibu mpaka likutane na kivuli cha pua. Mafuta yanakupa muda, halafu yanakuacha upake tabaka jembamba linalopitisha mwanga juu ya jingine. Chozi ukilisogelea si kitu: doa dogo jeupe upande mmoja, kivuli chembamba upande wa pili, na katikati ngozi yaonekana. Ila doa hilo likikaa mahali pake koo linakukaba, na bango la kampeni haliwezi kukufanyia hivo.

Tuanze na Rogier van der Weyden, mchoraji wa Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo. Picha yake ni Kushushwa Msalabani, ilochorwa karibu 1435, sasa iko makumbusho ya Prado, Madrid. Iliagizwa na chama cha wapiga upinde wa mji wa Leuven, ndo maana juu kwenye pembe kuna vijipinde vidogo vya mapambo, usipoambiwa huvioni. Watu kumi wamebanwa ndani ya kitu kama sanduku, nyuma yao dhahabu tupu, hakuna mlima wala mbingu, yaani hata wakitaka kukimbia hawana pa kukimbilia. Yesu anashushwa, na mamake ameanguka kazimia, na ukitazama mwili wake umepinda vilevile kama wa mwanawe, kama mtu alichora mstari mmoja akaurudia chini. Mkono wa Yesu wenye tundu la msumari unaning'inia karibu kabisa na mkono wa mamake, mmoja wa maiti, mwingine wa mtu aliye hai, na kwa rangi hutofautishi sana. Uso wa Maria umekuwa kama jivu. Kulia kule mwisho Magdalena amejikunja, mikono ameifumbata, viwiko nje, kama mtu aliyeumwa na tumbo.

Kitu kilichonishangaza ni midomo. Watu wanalia, machozi yapo, macho yamekuwa mekundu, mwanamke mmoja kushoto anajipangusa, lakini hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kupiga ukemi. Kilio chote kimezuiliwa kooni. Mimi nshakaa matanga mengi na nakwambia huyo anayelia kwa sauti hawamwogopi, wanamwogopa yule aliyekaa kimya anachezea ncha ya leso. Hii picha ni ya huyo wa pili, mara kumi.

Kuna Mreno mmoja, Francisco de Holanda, aliandika kwamba Michelangelo, mchoraji mkubwa wa Italia, alimwambia picha za Flanders, huko kwao kina Weyden, zinawaliza wacha Mungu kuliko za Italia, na kwamba zinawafaa wanawake, hasa wazee na wale wadogo sana, na mafrateri na masista. Yaani alikuwa akidharau. Nikamsomea mama mweka hazina, akasema "huyo Michelangelo naye nani alimuuliza."

Wiki mbili za Weyden ukutani, watu walikuwa wakitoka polepole. Mazishi moja yaliangukia wiki hizo, na wafiwa walipokaa mle ndani dada wa marehemu aligeuza kiti akaipa picha mgongo. Sikumuuliza, lakini nilielewa, manake mtu ameshabeba kilio chake kutoka nyumbani halafu wampa kingine cha watu kumi. Bei sasa: tulipiga hesabu tukabishana kama Maria aliyezimia ahesabiwe analia au la (machozi anayo), ikapanda mpaka huko elfu sitini na kitu kabla ya kanvasi. Pia umbo lake limelala, ya asili ni sentimita 261 kwa upana na 204 hivi kwenda juu, na ukuta wetu ni mwembamba una dirisha.

Caravaggio basi, Mwitaliano. Maziko ya Kristo, 1603 hadi 1604, sasa iko Vatikani. Kwa kukuwekea muda sawa, Fort Jesus yetu ilianza kujengwa 1593, Caravaggio ana miaka 22 hivi. Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulikuwa umeshasema mwaka 1563 picha za kanisani zifundishe watu na kuwaamsha ibada, na yeye aliwaamsha kweli, wengine wakaamka wamekasirika.

Watu sita. Nyuma kabisa Maria wa Kleopa ameinua mikono juu, macho mbinguni, huyu ndo anapiga ukemi. Kutoka mikono yake picha inateremka kama ngazi: Magdalena ameinamisha kichwa, Bikira Maria ni mwanamke mzee kweli, si msichana, kisha Yohana, kisha Nikodemo, kisha mkono wa Yesu unaogusa jiwe. Na pembe ya lile jiwe inatokeza kuja kwako, kama sinia unayotaka kuipokea.

Mzee katekista aliisimamia muda mrefu, kofia mkononi, halafu akasema, "waona, wa nyuma wanalia, wa mbele wamebeba." Nikarudi kuitazama na ni kweli. Nikodemo amefunga mikono chini ya magoti ya maiti, mgongo umeinama, misuli ya miguu imevimba, na amegeuza uso kututazama sisi, na ule uso haulii, ule uso una uzito. Yeyote aliyewahi kubeba jeneza kuliteremsha kwenye gari anaujua. Hulii wakati huo. Wafikiria kidole chako, wafikiria usikanyage mtaro. Kilio chakuja jioni ukishapewa chai. Sijaona mchoraji mwingine alieshika hiyo saa namna hii, na mimi binafsi, nikiulizwa ipi kubwa kati ya zote, nitakutajia hii bila kufikiria.

Lakini si ya chumba chetu. Ilichorwa kuwekwa juu ya altare kwenye kanisa la Santa Maria in Vallicella, padre anapoinua Hostia, ule mkate wa misa, yuko chini kabisa ya ule mwili unaoteremshwa, kwa hivo picha inafanya kazi pamoja na misa. Ukiiweka futi tatu kutoka kwa pua ya mtu anayetaka kukiri ameiba pesa za chama, ule mkono wa Maria wa Kleopa unamfokea. Halafu giza. Sehemu kubwa ya nyuma ni nyeusi, na kachumba ketu kana dirisha moja na taa moja ya tyubu, mchana vanishi itametameta usione kitu na jioni itakuwa ubao mweusi wenye miguu. Kama wewe una ukumbi mrefu na ukuta mrefu, au kanisa lenyewe, chukua hii na ulipie taa ya pembeni. Na usione haya kuweka nakala, wanajeshi wa Napoleon waliibeba ile ya asili mpaka Paris 1797, ikarudi Roma lakini haikurudi pale pale, hata hilo kanisa lake lenyewe leo lina nakala.

Nilijaribu na ile nyingine yake, Kifo cha Bikira, iko makumbusho ya Louvre, Paris. Hii niseme haraka manake padre hakuimaliza hata kuitazama. Maria amelazwa, tumbo limevimba, miguu peku imetokeza nje ya kitanda, juu pazia jekundu, na Magdalena kwenye kijikiti amejikunja kabisa, uso wake huuoni, mbele yake beseni la shaba la kuoshea maiti. Mama mweka hazina akasema huyo atakuwa bure kwa sababu uso haupo. Maskini wale watawa Wakarmeli walioagiziwa waliikataa pia, na mchoraji mwenzake Rubens ndo alimshauri Duke wa Mantua, mtawala mmoja wa Italia, ainunue 1607. Beseni lile mtu yeyote wa hapa amelishika au amelisogeza. Kwangu ni picha ya matanga kuliko zote, lakini ukiipeleka parokiani jiandae kwa kikao.

Halafu Rembrandt, Mholanzi. Kurudi kwa Mwana Mpotevu, ule mfano wa Yesu wa kijana aliyemaliza urithi wake nchi ya mbali akarudi kwa babake, karibu 1668, iko makumbusho ya Hermitage, St Petersburg, Katarina Mkuu, malkia wa Urusi, aliinunua 1766. Vipimo karibu sawa na Weyden ila hii imesimama, 262 kwenda juu kwa 205, kwa hivo ukuta wetu unaipokea ukiipunguza. Na hapa, kwa upande wa hisia, ni kama mtu amezima redio. Hakuna anayelia. Kijana amepiga magoti, ametupa mgongo, kichwa amenyoa, ameuzamisha uso kifuani kwa babake. Kiatu cha kushoto kimemtoka, unyayo uko nje, mchafu, umechanika. Baba ni mzee, macho ni kama hayaoni tena, hatabasamu. Mikono miwili tu mgongoni kwa mtoto. Watu wameandika mengi kuhusu hiyo mikono, kwamba mmoja mpana mmoja mwembamba, mmoja wa baba mmoja wa mama, mimi siendi huko, naona tu kwamba wa kushoto umeshika na wa kulia umewekwa.

Rembrandt alikuwa ameshafilisika tangu 1656, na mwaka huo wa 1668 alimzika mwanawe Titus, naye akafa 1669. Sisemi ndo maana alichora hivo. Ila mtu wa umri ule hahitaji tena kukuonyesha kinywa kilichopanuka.

Wiki ya kwanza ya Rembrandt nilidhani imeshindwa, manake watu waliingia wakatoka kama hakuna kitu ukutani. Wiki ya pili mama mmoja muuza samaki, alikuwa wa mwisho kwenye foleni, mlango uko wazi padre hajafika, akakaa ndani peke yake. Nikapita kuchukua ufagio. Akaninyooshea kidole kwenye ule unyayo.

"Huyu katembea," akasema.

"Ndio mama, katoka nchi ya mbali."

"Hapana. Huyu hakupanda gari hata kidogo. Tazama kisigino."

Basi, hakuongeza neno. Alikuwa amekwenda moja kwa moja kwa kile kitu ambacho mimi na miwani yangu nilichukua siku nne kukiona. Weyden anakuonyesha kilio chake uone, Caravaggio anakushika shati, huyu anakuachia nafasi ukae, na kile ulichokuja nacho ndo kinachojaza. Kwa chumba ambacho mtu anaingia na lake tayari, sikuona ushindani.

Mbili za mwisho kwa ufupi. Velázquez, Kristo Msalabani, karibu 1632, Prado pia: mtu mmoja, nyuma giza, misumari minne, nywele zimeanguka zikafunika nusu ya uso. Katekista aliipenda sana, na kwa bei haina mpinzani, nusu uso! Lakini msalaba tunao tayari juu ya mlango, na huzuni ya picha hii ni tulivu mno, karibu nzuri, mimi naiona ni ya mtu anayejua kusali tayari. Chumba cha sala cha nyumbani, ndio, chukua. Grünewald, ile altare ya Isenheim, 1512 hadi 1516, iko Colmar, Ufaransa, ndo kinyume chake: ngozi imejaa miiba, vidole vimekakamaa, midomo ya bluu, Maria mweupe kama shuka anaangukia mikononi mwa Yohana. Ilichorwa kwa watawa waliokuwa wakiwauguza watu wa moto wa Mtakatifu Antonio, ugonjwa unaotokana na kuvu wa nafaka, ngozi na viungo vinaoza. Wagonjwa walimwona Yesu ana ngozi kama yao. Kwa kanisa la hospitali ningeipigania. Kwa chumba ambacho watoto wa komunyo ya kwanza wataingia kuungama kuchelewa shule, hapana.

(Na kabla hujauliza, ile ya Yesu nywele za kahawia anatazama pembeni, ilo kwenye kalenda na stika za matatu, nayo asili yake ni rangi ya mafuta, Warner Sallman, Mmarekani, 1940. Ni laini, haimdhuru mtu. Uso huo sijui anawaza nini na nshakua nao ukutani toka utotoni.)

Kwa hivo kama ni wafiwa tu, na ukuta mpana, na pesa ipo, usiiogope Weyden, kuna wanaotaka kuona mwenzao amezimia. Altare, Caravaggio. Sisi tumechukua Rembrandt. Mama mweka hazina alitaka tuwakate wale wengine tubaki na baba na mwana tu, nikakataa, hasa yule kaka mkubwa, aliyekasirika mdogo wake kupokelewa, alosimama kulia na fimbo, ameshika mikono yake mwenyewe na hasogei, uso umewaka mwanga lakini mkavu. Nusu ya wanaoingia kile chumba ni huyo. Katekista akaniunga mkono, nadhani alidhani namsema yeye.

Fremu tumekubaliana iachwe nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani upepo upite nyuma, la sivyo mvua ya masika koga itarudi kwa kanvasi kama ilivyokula ile ya kwanza, na upepo wenyewe huku una chumvi.

Jumatano tukampelekea mchoraji ile A3. Akahesabu: baba mmoja, kaka mmoja, yule aloketi mmoja, kijana katupa mgongo nusu, wale wawili wa gizani nawapa bure. Hakuna anayelia. Elfu kumi na nne. Mama mweka hazina akafungua pochi palepale kabla mtu hajabadilisha mawazo. Halafu mchoraji akaipeleka karatasi mlangoni kwenye mwanga, akaikaribia, akakaa kimya mpaka bodaboda mbili zikapita.

"Hii mikono," akasema.

"Imefanyaje?"

"Hii mikono, mama, naihesabu kama nyuso. Tena zinazolia, zote mbili."

Elfu thelathini. Mama mweka hazina akanitazama mimi, mimi nikamtazama katekista, katekista akatazama majahazi ukutani.

"Na unyayo?" nikamuuliza.

Akaurudia tena, akaufunika na kidole gumba, akaufunua.

"Unyayo tutaongea."